Kazi ya kwanza dukani: jinsi ya kumaliza mwezi bila shoti

Mtihani wa kidato cha nne huanza Novemba. Waliochaguliwa kidato cha tano huripoti shuleni Julai. Katikati hapo kuna zaidi ya nusu mwaka, na kwa vijana wengi wa Tanzania ndipo kazi ya kwanza inapopatikana: kukaa dukani kwa mjomba, kwa jirani, kwa mangi wa mtaa, au kwenye kibanda cha wakala wa pesa za simu. Kwa mbali kazi inaonekana nyepesi. Mtu anakuja, unampa, anakulipa. Wiki ya kwanza haijaisha unakutana na neno ambalo darasani halikufundishwa: shoti.

Shoti ni tofauti kati ya pesa inayotakiwa kuwepo na pesa iliyopo. Mara nyingi haitokani na wizi. Inatokana na chenji iliyozidi, deni lisiloandikwa, soda uliyokunywa ukisema utaandika baadaye, na sukari inayopimwa kwa huruma. Mwongozo huu unafuata pesa inavyopita mikononi mwako tangu siku ya kukubali kazi mpaka siku ya kukabidhi funguo.

Kabla ya kusema ndiyo

Anza na umri. Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 inaweka miaka 14 kuwa umri wa chini wa kuajiriwa, tena kwa kazi nyepesi isiyodhuru afya wala masomo. Aliye chini ya miaka 18 haruhusiwi kufanya kazi kati ya saa 2 usiku na saa 12 asubuhi. Maduka mengi ya mtaani hufunga saa 4 usiku, kwa hiyo hili lizungumzwe mapema, na mzazi awepo: una miaka 17, saa 2 kasoro unakabidhi droo na kuondoka. Kwa binti, ni vizuri pia nyumbani wajue saa kamili ya kutoka na nani anabaki dukani. Bosi anayekasirishwa na swali hilo amekusaidia kujua mapema ni bosi wa aina gani.

Kisha uliza mambo sita, na majibu yaandikwe: mshahara ni kiasi gani, unalipwa tarehe ngapi, chakula na nauli ni juu ya nani, siku ya kupumzika ni ipi, nani anaruhusiwa kukopesha wateja, na shoti ikitokea inafanywaje. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inamtaka mwajiri ampe mfanyakazi maelezo ya kazi kwa maandishi. Inaweka pia kikomo cha saa 45 za kawaida kwa wiki, zisizozidi 9 kwa siku, na mapumziko ya saa moja baada ya saa 5 mfululizo. Duka dogo huenda lisiwe na mkataba uliopigwa chapa. Karatasi ya daftari yenye hayo sita, tarehe na sahihi mbili inatosha kuanzia. Ipige picha.

Swali la nauli si dogo. Nauli ya 600 kwenda na 600 kurudi, kwa siku 26, ni 31,200. Chakula cha mchana cha 2,000 kwa siku hizohizo ni 52,000. Jumla 83,200 imeshaondoka kabla hujanunua hata kalamu. Toa kiasi hicho kwenye mshahara unaotajiwa, ndipo ujue unafanyia kazi shilingi ngapi. Kima cha chini kinatangazwa na serikali kwa kila sekta, na ofisi ya kazi ya eneo lako itakuambia cha sasa.

Daftari la siku

Usipokee droo usiyoihesabu. Asubuhi, mbele ya bosi au mwenzako anayeondoka zamu, hesabuni pesa pamoja, andikeni, wote wawili mtie sahihi. Inachukua dakika tano. Ukipokea droo kwa neno la mdomo kwamba "humo mna elfu thelathini", na ndani mna 27,000, umeanza siku na shoti ya mtu mwingine. Kwa sababu hiyohiyo, watu wawili wasitumie droo moja kwa wakati mmoja. Shoti ya droo ya watu wawili haina mwenyewe, na isiyo na mwenyewe huangukia kwa mdogo.

Chora safu tano kwenye daftari: mauzo yote, madeni mapya, madeni yaliyolipwa, matumizi, na malipo ya simu. Andika kila kitu wakati kinapotokea. Ukisema utakumbuka jioni, utakumbuka vikubwa na kusahau viberiti. Hesabu ya kufunga ni hii:

Chenji ya kuanzia 30,000. Ongeza mauzo yote ya siku, 184,500, unapata 214,500. Toa madeni mapya 6,500, inabaki 208,000. Ongeza madeni ya zamani yaliyolipwa leo, 4,000, inakuwa 212,000. Toa matumizi, mfano 3,000 ya mifuko, inabaki 209,000. Kama 41,000 zililipwa kwa lipa namba, droo inatakiwa kuwa na 168,000.

Umehesabu umepata 166,000? Usikimbilie mfukoni kufidia. Hesabu noti tena, kisha itazame namba ya upungufu yenyewe, maana mara nyingi inasema ilikotoka. Upungufu unaogawanyika kwa 9 bila kubaki huashiria tarakimu zilizogeuzwa: mauzo ya 4,500 yaliyoandikwa 5,400 huleta shoti ya 900. Upungufu wa 13,000 siku yenye madeni ya 6,500 maana yake ni kwamba madeni uliyajumlisha badala ya kuyatoa. Upungufu wa 9,000 kamili ni dalili ya kurudisha chenji ya mwekundu (noti ya 10,000) kwa mtu aliyetoa buku (1,000). Na 2,000 mviringo, kama kwenye mfano wetu, ni ama noti ya elfu mbili iliyogandana na nyingine kwenye chenji, ama kitu kilichotoka bila kuandikwa. Anza na ulichokula mwenyewe.

Ziada nayo iandikwe. Pesa ikizidi, kuna mteja aliyepunjwa chenji, na kesho asubuhi atakuja mlangoni. Ukiwa umeitia mfukoni, hutakuwa na jibu.

Chenji

Makosa mengi ya mwezi wa kwanza yapo hapa, na dawa yake ni mazoea matatu ya mkono.

La kwanza: taja noti kwa sauti unapoipokea. "Umenipa elfu kumi." Mteja akinyamaza, mmekubaliana. La pili: noti hiyo usiitumbukize droo mpaka chenji iishe kuhesabiwa. Iweke juu ya meza upande wako, ibane kwa kitu. Mabishano ya "nilikupa kumi, sio tano" huisha palepale noti inapoonekana. La tatu: hesabu chenji kwa kupanda, usitoe kichwani. Bidhaa za 3,700, noti ya 10,000: mpe 300 useme "elfu nne", mpe buku useme "tano", mpe elfu tano useme "kumi". Umerudisha 6,300 bila kufanya hesabu ya kutoa, na mteja amehesabu pamoja nawe.

Kuna mchezo mmoja unaowakamata wageni. Mtu ananunua kiberiti kwa noti ya 10,000. Unaanza kumpa chenji, anasema, "Ngoja, nina ndogo, nirudishie hiyo kumi." Unamrudishia, anakupa sarafu, halafu anaomba umbadilishie noti nyingine, halafu anauliza bei ya sabuni. Katikati ya vurugu hiyo chenji ya kwanza iko mkononi mwake na noti yake pia. Kanuni ni jambo moja kwa wakati mmoja: "Subiri tumalize hili kwanza." Lisemwe kwa heshima, bila haraka, hata foleni ikiwa ndefu. Akiwa mtu mzima, "samahani baba, tumalize hili kwanza" inatosha.

Noti kubwa ipapase uhisi ukavu wa karatasi yake, kisha iinue kwenye mwanga utafute sura iliyofichika na uzi unaopita ndani. Jioni, chini ya taa hafifu, ndipo noti bandia hutolewa. Omba taa nzuri juu ya meza ya kuuzia.

Mizani

Sukari, mchele, unga na mafuta ya kupima vina shoti yao ambayo droo haiioni. Gunia la kilo 50 linatoa robo 200. Ukizidisha gramu 10 kwa kila robo, kijiko kimoja tu cha ukarimu, umegawa karibu kilo 2. Kilo ikiuzwa 3,000, gunia limepungua karibu 6,000 na hakuna pesa iliyopotea popote. Bosi atahesabu mzigo mwisho wa mwezi na macho yatakugeukia wewe.

Kabla ya kupima, hakikisha mizani imekaa pasipoinama, sahani yake ni safi, na inasoma sifuri ikiwa tupu. Unga ulioganda chini ya sahani humpunja mteja, na kumpunja mteja ni kosa kisheria. Wakala wa Vipimo hukagua mizani na kuibandika alama. Sukari inayopimwa kwa wingi ipime asubuhi, wateja wakiwa wachache, uifunge ya robo na nusu, uandike gunia limetoa vifuko vingapi. Magunia mawili yakitoa idadi tofauti kabisa, kuna kosa kwenye mkono wako au gunia lilikuja pungufu. Ndiyo maana gunia hupimwa linaposhushwa, wakati aliyelileta bado yupo.

Soda za chupa zina kanuni yake. Kreti lina chupa 24. Chupa zilizojaa ukijumlisha na tupu lazima zibaki 24 kwa kila kreti, siku zote. Mteja anayeondoka na chupa aache pesa ya chupa au jina lake liandikwe. Hakuna kisingizio cha mteja unayemfahamu. Wanaosahau kurudisha ndio haohao tunaowafahamu.

"Niandikie"

Hili ndilo gumu kuliko yote, kwa sababu si la hesabu. Mama wa jirani aliyekulea atakuja na kikapu na kusema neno moja: "Niandikie." Rafiki uliyekaa naye dawati moja atataka soda. Kaka wa mtaa atadai bosi wako anamjua.

Usijitungie ruhusa. Mwambie bosi mapema akupe orodha ya wanaokopeshwa na kikomo cha kila mmoja. Aliye nje ya orodha jibu lake ni: "Shikamoo mama. Samahani, mimi sijaruhusiwa kukopesha. Nimpigie bosi uongee naye?" Sentensi hiyo haimvunjii mtu heshima, na wengi hughairi simu inapotajwa. Asiyekataa, mpigie kweli.

Deni lililoruhusiwa liandikwe lote: tarehe, jina linalotambulika ("Mama Neema" wako watatu mtaani), bidhaa, bei, na sahihi ya mkopaji. "Mama N. 4,500" si deni, ni fumbo. Linapolipwa, kata mstari mbele yake na uandike tarehe. Usifute wala kuchana ukurasa.

Kwako mwenyewe, ni afadhali ulichokula ukilipie. Fungua ukurasa wa "muuzaji" na uandike kila andazi na kila soda yako kwa bei ya dukani. Ukifika Jumamosi na kuona jumla, utashangaa kidogo. Wengi huacha wenyewe.

Kibanda cha wakala

Ukiwekwa kwenye M-Pesa, Airtel Money, HaloPesa au Mixx by Yas, shika kanuni moja: taslimu ukijumlisha na floti, yaani salio la kwenye simu ya kazi, hazibadiliki. Umekabidhiwa taslimu 250,000 na floti 350,000, jumla 600,000. Mteja akitoa 50,000, taslimu inashuka mpaka 200,000, floti inapanda mpaka 400,000. Akiweka, kinyume chake. Jumla ni ileile 600,000, asubuhi, mchana na jioni, na kamisheni huhesabiwa pembeni. Kagua jumla hiyo kila baada ya miamala kumi, usisubiri jioni. Kosa lililotokea dakika ishirini zilizopita bado lina mteja anayekumbukwa.

Katika kuweka, pokea pesa na uihesabu kwanza, ndipo uguse simu. Mteja aandike namba mwenyewe kwenye daftari au aitaje, nawe umrudishie ukiisoma tarakimu mbilimbili. Jina likitokea, lisome kwa sauti kabla ya kuthibitisha. Katika kutoa, usihesabu hata noti moja mpaka ujumbe uingie kwenye simu ya kazi na salio la floti liwe limepanda. Meseji ya kwenye simu ya mteja haithibitishi lolote. Mtu yeyote anaweza kuandika meseji inayofanana na ya mtandao. LUKU nayo ina mtego wake: namba ya mita ina tarakimu 11, na umeme ukienda kwenye mita ya mtu mwingine kuurudisha ni kazi. Soma zote 11.

Namba ya siri haisemwi kwa yeyote, na simu ya kazi haishikwi na mteja hata kama "anataka kukuonyesha kitu". Atapiga mtu akijitambulisha kuwa ni wa kampuni, anajua jina la kibanda, anataka ubonyeze namba kadhaa ili "kuhakiki laini". Kata simu. Piga mwenyewe 100, namba ya huduma kwa wateja, uulize. Zile meseji za "ile pesa itume kwenye namba hii" ziripoti kupitia 15040. Muamala ukienda kwa namba isiyo sahihi, piga 100 papo hapo ukiwa na kumbukumbu ya muamala, kabla ya kumpigia mtu mwingine yeyote. Pesa ikishatolewa upande wa pili, kilichobaki ni kuomba.

Shoti imetokea, sasa?

Iseme siku hiyohiyo. Kijana anayeficha shoti ya 5,000 akitegemea kuifidia kesho hukuta kesho ina shoti yake, na siku ya kujulikana hakuna anayeamini kwamba halikuwa wizi. Sema namna hii: "Bosi, nimefunga hesabu, kuna shoti ya 5,000. Nimehesabu mara mbili. Nadhani ni chenji ya mchana, ila sina uhakika." Kiasi, ulichokagua, na unachodhani. Usianze na kulia wala kuapa.

Kuhusu kukatwa mshahara, sheria ya ajira ina masharti ambayo wengi, wakiwemo mabosi, hawayajui. Mwajiri anaweza kukata kwa ajili ya hasara ikiwa umekubali kwa maandishi, hasara imetokana na kosa lako ukiwa kazini, amekueleza kwa maandishi chanzo na hesabu yake, na umepewa nafasi ya kupinga. Jumla isizidi hasara yenyewe, na makato yasizidi robo ya mshahara wa fedha. Mshahara wote kupotea kwa shoti ya siku moja si halali. Anza kwa mazungumzo, ukiwa na mzazi au mjomba. Ikishindikana, Tume ya Usuluhishi na Uamuzi hupokea malalamiko, ndani ya siku 30 kwa kuachishwa kazi na siku 60 kwa migogoro mingine. Daftari lenye sahihi mbili kila asubuhi ndilo litakalokusemea hapo.

Mshahara wa kwanza

Siku utakayolipwa kila mtu nyumbani atajua. Amua kiasi cha kuchangia kabla ya siku hiyo, ukitaje kwa mama mapema: "Mama, nitakuwa natoa 30,000 kila mwezi kwa ajili ya mboga." Kiasi kinachojulikana hupokelewa kwa baraka. Ukigawa kidogokidogo kila unapoombwa, kufika tarehe 10 umetoa zaidi na bado unaonekana mchoyo.

Cha pili kitoke siku hiyohiyo pia: akiba ya Julai. Fomu ya kujiunga na shule ya bweni huja na orodha ya godoro, tranka, shuka, ndoo, rimu za karatasi na mengine. Omba orodha ya mwaka uliopita kwa aliyetangulia, pitia bei, jumlisha, gawa kwa miezi uliyobaki nayo. Akiba yenye godoro ndani yake ni ngumu kuichezea. Weka kwa mtu mzima unayemwamini au akaunti ambayo kadi yake huishiki wewe. Simu mpya inaweza kungoja, ingawa tunajua hutasikia hilo.

Kuondoka

Usiache kazi kwa kutokuja. Ukiwa bado kwenye mwezi wa kwanza, notisi ni siku 7. Baada ya hapo, kwa anayelipwa kwa mwezi, ni siku 28. Kwa hiyo kama shule inafunguliwa mwanzoni mwa Julai, barua iandikwe mwishoni mwa Mei au siku za kwanza za Juni. Mistari minne inatosha: tarehe, jina, siku ya mwisho ya kazi, sahihi. Baki na nakala iliyosainiwa na bosi kuwa ameipokea.

Siku ya mwisho hesabuni mzigo pamoja, rafu kwa rafu, mkianzia stoo. Funga ukurasa wa madeni kwa jumla moja yenye sahihi zenu. Simu ya kazi ikabidhiwe na bosi abadilishe namba ya siri palepale, mbele yako, ili muamala wowote wa kesho usiwe na jina lako. Omba hati ya utumishi inayoonyesha ulifanya kazi gani, tangu lini hadi lini; ni haki ya anayemaliza kazi. Kisha funguo, moja moja, zikiandikwa: ya mlango wa mbele, ya stoo, ya droo, ya kufuli la friji.